Viazi Palipokuwa na Nyumba ya Kifungua Mimba

Viazi nilipanda mwenyewe. Sikutumwa na mtu, wala sitaisingizia mvua, ingawa mvua ndiyo iliyoanza.

Kwetu Uriri, mvulana akianza kutoa ndevu hujijengea kibanda chake cha kulala karibu na lango la boma. Kibanda hicho tunakiita simba, hata kama anayelala ndani anaogopa panya. Mwana wa kwanza ana upande wake wa lango, wa pili ana upande wake, na mpango huo haubadilishwi, kama vile tumbo langu halikuweza kumtoa wa pili kabla ya wa kwanza. Wangu wa kwanza aliijenga simba yake vizuri, ya duara, maana tangu utoto mikono yake ilipenda mti. Kisha akakasirika, akaenda zake Kosele, upande wa Homa Bay, kufanya useremala. Akakaa huko miaka mitatu bila kukanyaga nyumbani.

Alikasirika kwa sababu ya ng'ombe. Tulikuwa na fahali mmoja na mitamba wawili, na kila mtu bomani alijua ni mahari yake huyo mkubwa. Mdogo wake alipoitwa chuo cha ualimu, mimi na mzee tukawauza wote watatu. Hatukumwuliza. Tulimwambia wakati ng'ombe wameshavuka soko. Alisikiliza mpaka mwisho, akaufunga msumeno wake ndani ya gunia, akatoka. Mimi nikasema aende tu, njaa itamrudisha. Njaa haikumrudisha.

Mwaka wa pili wa kukaa kwake huko, mchwa walikula nguzo za simba yake, na mvua kubwa ikaisukuma ikalala chini kama mlevi. Mti mkavu ni kuni. Niliupikia ugali na maharagwe mpaka ukaisha. Halafu nikaitazama ile ardhi, nyeusi, imejaa nyasi zilizooza, nikaona ni ujinga kuyaachia magugu. Nikapanda viazi vitamu. Vilizaa mpaka watu wakaja kuomba mbegu.

Mke wa shemeji yangu, ambaye boma lake linapakana na letu, aliniona siku ile nikichimba matuta. Sisi tunaitana nyieka, yaani mke mwenzangu, kwa sababu waume zetu ni ndugu. Akasimama kwenye ua wa miiba, mikono kiunoni.

"Nyieka, unalima kaburi la mtu aliye hai?"

Nikamwambia sahani ya kwanza itakuwa yake. Na kweli nilimpelekea, na alikula. Lakini neno lake lilibaki likinikwaruza kama makapi ya mtama ndani ya nguo.

Sasa ilikuwa mwezi wa kumi na mbili. Mdogo alikuwa mwalimu tayari, anafundisha upande wa Wakuria, karibu na mpaka wa Tanzania. Akaandika barua kwamba anakuja kula Krismasi nyumbani, na anakuja na mke, na mke ana mtoto wa kiume wa miezi mitatu. Mjukuu wangu wa kwanza. Niliposikia hivyo niliruka, nikaliangusha sufuria la uji, nikacheza juu ya uji. Huyo mtoto leo ana ndevu na anainama akipita mlango wangu kwa urefu, na mtu akitaka kujua nani mzuri kati ya wajukuu wa lokesheni hii, asinisumbue na swali jepesi.

Mzee aliisoma barua mara mbili. Akavua miwani.

"Wataingia vipi?" akauliza.

Ndipo mguu wangu ukasimama. Kwetu mdogo hawezi kuleta mke alale bomani wakati kaka yake hana nyumba humo. Akifanya hivyo amemruka. Amesema mbele ya watu kwamba kaka yake ni maiti. Na wazee wanasema kosa hilo huleta chira, ugonjwa wa kukondeana usio na dawa, na chira haimtafuti mwenye makosa, inamtafuta aliye mdogo na laini. Simba ya mdogo ilikuwa imesimama, paa zima, mlango mzima. Ya mkubwa ilikuwa majani ya viazi.

Mume wangu alikuwa mzee wa kanisa. Sabato moja nilimsikia kwa masikio yangu haya akifundisha kwamba chira ni woga wa watu wasiomjua Mungu. Siku ya barua aliiweka Biblia juu ya kabati, akasema mtoto huyo hatavuka lango mpaka kaka mkubwa awe amejenga na kulala ndani. Nikamwuliza nimfuate mume yupi, wa kanisani au huyu wa kwenye kigoda. Akaniambia nisifanye mchezo na mwili wa mtoto. Nilicheka, lakini sikulala vizuri. Nami niliogopa. Mtu anaweza kubatizwa mara moja, lakini mambo aliyoyasikia mgongoni kwa mama yake hayatoki na maji hayo.

Walifika Jumatatu. Mdogo aliingia bomani peke yake, na begi. Mke na mtoto alikuwa amewaacha sokoni Uriri, kwa mama mmoja wa kanisa letu anayekaanga mandazi. Hakulalamika. Ni mtoto mwenye adabu, huyo, adabu ya kukuchoma. Aliketi, akanywa chai, akasema tu kwamba chumba cha yule mama kina moshi.

Jumanne nikaenda sokoni. Msichana alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, Mkuria, hajui Kijaluo, nami sijui Kikuria hata cha kuombea maji. Tukaongea Kiswahili, changu kile cha kununulia chumvi. Mtoto alikuwa amefungwa kwenye leso, uso tu unaonekana, paji la uso ni la mzee wangu kabisa, kama limekatwa na kisu kilekile. Alikohoa. Mikono yangu ilitaka kwenda yenyewe. Niliifunga nyuma, kwa sababu wanawake wazee walinionya nisimpakate mjukuu wa kwanza nje ya lango kama mtoto wa kuokotwa.

Msichana aliiona ile mikono.

"Mama, hutaki kumshika?"

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, maneno yalinikimbia, lakini nilifika mpaka kwenye viazi.

"Viazi," akasema. Hakucheka. "Mama, nimekaa hapa kama gunia la muhogo linalongoja gari. Kwetu wanangoja kusikia kama nimepokewa. Jumapili asubuhi kuna gari la kwenda kwetu. Siku hiyo ikinikuta hapa, nitapanda. Na mtoto wangu."

Alilisema kwa heshima, macho chini. Hakuwa ananitisha. Angetisha ningejua la kumjibu.

Basi hesabu ilikuwa hiyo. Tena mwaka huo Krismasi iliangukia Jumamosi, siku ya Sabato. Kwetu sisi Wasabato, jua likizama Ijumaa hakuna kupiga msumari, hakuna kukata mti, hakuna kukoroga tope. Kwa hiyo nyumba ya mkubwa ilipaswa isimame Ijumaa kabla ya jua kuzama, na yeye alale ndani, ili asubuhi mke wa mdogo aingie. La sivyo Jumapili lile gari lingeondoka na mjukuu wangu. Na nguzo ya kwanza lazima aichomeke mwenye nyumba mwenyewe. Hakuna wa kumchomekea.

Mzee alisema baba haendi kumbembeleza mtoto. Nikamwambia akae na ubaba wake aulinde usiumwe na mbu. Jumatano nikavaa viatu vya kanisani, nikaenda Kosele.

Nilimkuta karakana, nyuma ya maduka, chini ya mabati mawili, anapiga randa ubao wa kitanda. Alikuwa amenenepa mabega. Aliniona, akanivutia kiti, akarudi kwenye randa yake. Alinisalimia kama unavyomsalimia mteja. Vipande vyembamba vya mbao vilijikunja vikaanguka miguuni pangu.

Nilimweleza habari zote, mdogo, mke, mtoto, kikohozi, Ijumaa. Hakunikatiza. Nilipomaliza alipuliza vumbi kwenye ubao.

"Umekuja kuniita Krismasi, Mama, au umekuja kuniita nifungue lango?"

"Nimekuja kukuita ujenge."

"Nijenge wapi? Juu ya viazi?"

Alijua. Nyumbani hapakosi mdomo wa kusafiri.

"Vilikuwa vitamu?" akauliza.

Ningeweza kusema uongo. Ningeweza kusema tulipata viwili vitatu vyenye wadudu. Lakini mimi sikuzaliwa na ulimi wa namna hiyo.

"Vilikuwa vitamu," nikasema. "Na nguzo zako nilizipikia."

Randa ikasimama. Aliniangalia, nikaona vile alivyokuwa akifanya utotoni akianguka, anatafuta kwanza kama kuna mtu anamtazama ndipo aamue kulia. Hakulia. Alisema ng'ombe alielewa. Hasira iliposhuka aliona kwamba mdogo alipata nafasi na nafasi haingoji. Lakini binamu yake alipomletea habari ya viazi, alisema, siku hiyo alikunywa kitu ambacho hajawahi kunywa. Alisema, "Ng'ombe ni mali. Pale ni mimi."

Nilisimama, nikapangusa nguo. Nilimwambia Ijumaa, kabla jua halijazama. Hakusema ndiyo wala hapana. Nilipogeuka randa ilikuwa imeanza tena, na njia yote ya kurudi niliisikia.

Alhamisi mdogo alishinda msituni akikata nguzo na fito, akafunga nyasi mafungu kwa mafungu, akayapanga kando ya matuta yangu. Hakuna alichoweza kuchomeka ardhini. Alirundika tu. Wanaume wa boma la shemeji walimsaidia, na nyieka wangu akaja uani kuangalia rundo hilo la miti.

"Nyieka," akasema, "nasikia mwaka huu Krismasi yako iko sokoni, inakohoa."

Siku nyingine ningempa neno la kwenda nalo. Siku hiyo nilimwomba tu aniazime pipa la maji ya kukorogea tope. Alishtuka zaidi kuliko kama ningemtukana. Alilileta mwenyewe kichwani.

Ijumaa niliamka nikachinja jogoo wawili. Nilikuwa na chakula cha wajenzi, na cha Sabato, maana siku ya Sabato hatupiki, tunapasha tu. Saa tatu, wanaume saba walikuwa wamekaa kwenye kivuli na majembe yao. Saa nne. Saa tano wakaanza kucheza bao. Saa sita nikawapa chakula ili wasiondoke, na nilikuwa nikihesabu vichwa kila nikipita. Saa saba wawili waliondoka, wakasema wana ng'ombe wa kunywesha. Mdogo alikuwa anakwenda barabarani na kurudi. Mzee alivaa saa yake ya mkono, ile anayovaa kanisani, akaketi akiitazama.

Saa tisa kasoro kidogo, baiskeli mbili zikaingia langoni. Mkubwa alikuwa kwenye ya kwanza, na mgongoni, kwa kamba, amefunga mlango. Mlango mzima, wa mbao ya mkuyu, umepigwa randa ukawa laini. Nyuma yake kijana mwenzake wa karakana alibeba misumari na msumeno. Mkubwa aliuegemeza ule mlango kwenye ua. Hakwenda kwa baba yake, hakumpa mdogo mkono. Akatembea moja kwa moja mpaka kwenye matuta, akasimama kando, viatu vyake havigusi jani.

"Mama, njoo."

Nikaenda, mikono ina manyoya ya kuku.

"Ng'oa."

Waliokuwa wakicheza bao waliliacha. Mdogo aliinama kunisaidia, mkubwa akamzuia. "Wewe acha. Hukupanda wewe."

Sijawahi kuinama mbele ya mtu niliyemnyonyesha. Mama mkwe wangu alinipiga mwiko na sikuinama. Nilitazama jua, lilikuwa limeshapita utosini na kwenda zake. Nikalifikiria lile gari la Jumapili. Nikapiga magoti, nikashika shina la kwanza, nikavuta.

Ardhi ilikuwa na unyevu, viazi vilitoka na sauti. Nilikwenda tuta kwa tuta. Viazi vingine vilikuwa vichanga kama vidole, uchungu mtupu kuvitoa. Nikasikia mtu nyuma yangu anakusanya mashina, nikadhani ni mzee, kumbe ni nyieka wangu, ameingia kupitia tundu la ua, anayabeba kifuani na kuyatupa mbali. Nilipong'oa la mwisho magoti yangu yalikataa kuinuka. Mkubwa akanishika chini ya kwapa akaniinua, kama unavyoinua kitu kizito. Kisha akachukua mtaimbo, akachimba shimo katikati ya matuta yangu, akasimamisha nguzo ya kwanza.

Baada ya hapo sikuwahi kuona watu wakifanya kazi namna ile. Nguzo zilizunguka, fito zikafungwa, tope likakorogwa kwa miguu, wanawake wanabeba, wanaume wanapiga ukuta kwa viganja. Mkubwa alipanda juu, mdogo akawa chini anamrushia nyasi, na hawakuongea ila maneno ya kazi, leta, vuta, hapa. Ndugu wawili waliokuwa hawajaonana miaka mitatu. Kila nikitazama magharibi jua lilikuwa limeshuka kidole kingine.

Paa lilipokuwa limebaki upande mmoja, ule wa kutazama kilima, jua liligusa miti. Mzee akaja, saa mkononi, akasimama chini ya ngazi.

"Jua," akasema.

Watu wakaacha kazi. Wakamtazama mkubwa kule juu. Palikuwa na mafungu mengi bado chini, lakini mlango ulikuwa haujafungwa kwenye fremu, na nyumba isiyo na mlango haihesabiki kuwa ni nyumba. Mkubwa akashuka polepole. Akauchukua mlango wake.

"Baba, bawaba mbili tu."

Mimi namjua mume wangu. Kwa Sabato alishamfukuza fundi kanisani na msumari umefika nusu. Alimtazama mwanawe, akatazama mlango, na nafikiri hapo aliwaona wale ng'ombe watatu wakipita. Kisha akageuka, akaangalia mashariki, ambako jua halikuwako tangu asubuhi, akakaa hivyo na mikono yake nyuma. Nyundo ilipigwa upesi upesi. Mlango ulipojifunga, mzee aligeuka akasema kwa sauti ya kanisani, "Sasa Sabato imeingia."

Mkubwa aliingia nyumbani mwake na moto aliouwasha mwenyewe, akalala chini ya paa nusu. Mvua ilinyesha kidogo alfajiri.

Asubuhi ya Krismasi alitoka blanketi limelowa bega moja. Akasimama mlangoni kwake. Mdogo alikuwa amekwenda sokoni kukiwa na ukungu bado, na sisi tuliobaki tulivaa nguo za kanisa tukasimama uani, hakuna aliyekaa. Nikawaona wakija njiani, msichana mbele, kanga mpya, mtoto kifuani. Alifika langoni akasimama. Hakukanyaga.

"Hodi."

Mimi nilikuwa mwenye boma, na mdomo wangu ulikuwa tayari. Lakini msichana hakuwa ananitazama mimi. Alimtazama yule mtu aliyesimama kwenye mlango wa mkuyu, maana ameambiwa, au hata bila kuambiwa alijua kibali kiko wapi.

"Shemeji," akasema, "naweza kupita?"

Mkubwa alimtazama, akamtazama mtoto. Nilihesabu pumzi zangu, zilikuwa nne.

"Pita," akasema. "Nyumba yako ni ile pale."

Akapita. Akaja mpaka nilipo, akaniwekea mtoto mikononi bila mimi kuomba. Alikuwa mzito, ana harufu ya mafuta ya mandazi, akanikohoa usoni. Kanisani sikusikia mahubiri hata neno moja, na mtu akiniuliza leo kilichohubiriwa nitamdanganya.

Jumapili gari la kwenda kwao likapita, na yeye alikuwa nyuma ya nyumba anafua nepi. Mkubwa ndiye aliyeondoka, alikuwa na kitanda cha mtu cha kumaliza. Mdogo alitaka kumalizia ule upande wa paa kabla shule hazijafunguliwa, mkubwa akamkataza, akasema atamalizia mwenyewe. Akafunga mlango kwa kufuli, akatia ufunguo mfukoni. Alinikuta langoni nimempakata mtoto.

"Mama, mvua ikiingia, acha iingie. Usiguse kitu."

Mvua kubwa ya mwezi wa tatu iliingia. Nilisimama nje, nikaona kupitia ufa wa ukuta maji yakichimba sakafu, na majani ya kiazi nilichokisahau yakichungulia chini ya ukuta. Mikono iliniwasha. Sikugusa.